Nyongo ya mama imo chupani, leo siku ya tisa

Salaam aleikum, Shangazi.

Nakuandikia nikiwa Arua. Mama yetu ana miaka 54. Kwa miaka mitatu alikuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mara nyingi usiku baada ya kula chakula chenye mafuta, na muda wote huo tulimnunulia dawa za vidonda vya tumbo. Mwezi uliopita ndipo alipopigwa ultrasaundi, wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Alipasuliwa, namshukuru Mungu, na sasa anakula na anatembea mpaka kwa jirani.

Tatizo langu ni chupa. Siku ya upasuaji nesi alitoka akaita jina la mama, akanikabidhi chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Ndani mna maji, na ndani ya maji mna kitu cha kijani kilichofifia, kimechanwa upande mmoja kama mfuko wa shati uliofumuka. Mawe manne alinipa mbali, ndani ya glavu iliyofungwa fundo. Akanipa na fomu. "Peleka Kampala, patholojia," akasema, akarudi ndani. Fomu ni ya Kiingereza. Mdogo wangu alinisomea alichoandika daktari: ukuta wa mfuko umenenepa, tafadhali angalieni kama hakuna saratani.

Leo ni siku ya tisa na chupa iko chini ya kitanda changu ndani ya kavera jeusi la plastiki. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya pesa za upasuaji, amekataa. Anasema ugonjwa umeshatolewa, sasa tunaupeleka wapi tena? Kuna nauli ya kwenda na kurudi, na kipimo tuliambiwa ni shilingi laki moja na nusu. Binti yake aliyeolewa Uholanzi amemwambia kwamba huko si kila nyongo inayopimwa. Anasema zamani hapa kwetu hatukusikia mtu ana mawe ya nyongo, haya ni mambo ya Wazungu. Na anasema kiungo cha Muislamu hakizungushwi kwenye mabasi, kinazikwa. Kaka yangu mkubwa hapingi kipimo, ila anaogopa jibu: ikiwa ni saratani, mama atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa. Mama mwenyewe hajui kitu. Anaamini hospitali ilishakitupa.

Jana mdogo wangu alitaka kumwaga yale maji aweke maji ya chumvi, kwa sababu harufu inawasha macho chumba kizima. Nilimzuia, lakini sikuwa na sababu ya kumpa. Je, nyama hiyo bado inafaa au imeshaoza? Wanaitazama kutafuta nini? Na nani mwenye haki ya kuamua?

Binti wa Arua

*

Waaleikum salaam, binti yangu.

Umefanya jambo kubwa kumzuia mdogo wako, na sababu ya kumpa ni hii: yale si maji, ni fomalini, na ndiyo iliyoilinda nyama ya mama yenu kwa siku zote tisa. Kabla ya kushika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye maabara ya patholojia, meza ya kupokea na kukata nyama za upasuaji. Harufu hiyo naijua kama ninavyoijua harufu ya jiko langu.

Nyama ikishatoka mwilini huanza kujila yenyewe saa ileile, sembuse kwenye joto la Arua. Fomalini huingia ndani polepole, kama milimita 1 kwa saa, na kila inapofika inazigandisha seli zilivyo. Ikishamaliza kazi hiyo, nyama hukaa wiki na wiki bila kuharibika kwa kipimo cha kawaida. Kwa hiyo siku tisa hazijakuharibia kitu, mradi fomalini ni nyingi na kifuniko hakivuji. Kanuni tuliyofuata sisi ni fomalini mara 10 ya ujazo wa nyama, angalau; nyama isisongwe chupani kama nguo kwenye sanduku.

Na ule upande uliochanwa usikutie wasiwasi. Aliyechana alijua anachofanya. Nyongo yenyewe ni kali: mfuko ukifungwa nayo ndani, hula ule utando laini wa ndani, na utando huo ndio hasa tunaoutaka. Mfuko ukichanwa, nyongo hutoka na fomalini huingia. Hilo peke yake linanionyesha kwamba daktari wenu hakuandika ile fomu kwa mazoea.

Maji ya chumvi ndiyo yangemaliza kila kitu. Siku moja nilipokea chupa ya siagi ya karanga kutoka wilaya ya mbali. Ilikuwa imeoshwa vizuri, karatasi ya jina imebandikwa kwa gundi ya watoto wa shule, na kijana aliyeileta alikuwa amesafiri usiku kucha akiwa ameipakata mapajani. Mtu fulani huko ilikotoka alikuwa ameweka maji ya chumvi. Nilipofungua kifuniko nilijua kabla sijatazama. Tuliikata hivyohivyo, tukaipitisha hatua zote, na kwenye kioo palikuwa na vivuli tu, seli hazina kiini wala mpaka. Daktari hakuwa na la kuandika ila kwamba nyama haisomeki. Kijana aliniuliza, "Kwa hiyo nikamwambie nini mama?" Nimestaafu, na swali lile bado ninalo.

Ila chupa usilale nayo chumba kimoja. Fomalini ni sumu. Ukivuta mvuke wake muda mrefu unakudhuru, na ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Itoe usiku huu, iweke mahali penye hewa, pa juu, watoto wasipofika. Usiitie kwenye friji, hasa ile yenye kugandisha barafu, kwani barafu hupasua seli. Usiifungue kuchungulia.

Sasa nije kwa baba mdogo, na nitamjibu kwa heshima, kwa sababu hoja zake si za mtu mjinga, na pesa aliyotoa ndiyo iliyomfanya mama yenu leo afike kwa jirani.

La Uholanzi ni kweli. Yule binti hakumdanganya baba yake. Huko madaktari wengi hawapeleki kila mfuko wa nyongo maabara. Lakini muulizeni tena yule dada, polepole: wanajuaje upi wa kuacha? Atawaambia kwamba mpasuaji huufungua mfuko palepale, akaukagua kwa macho na kuupapasa kwa vidole, na akikuta ukuta umenenepa, au kidonda, au kinundu, huo hupelekwa. Wa mama yenu umenenepa. Daktari ameandika kwa mkono wake. Basi hata angepasuliwa Amsterdam, chupa hiyo ingekwenda maabara.

Kwamba zamani mawe ya nyongo hayakusikika hapa, hilo pia lina ukweli ndani yake. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika baadaye kwamba mawe ya nyongo yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Chakula chetu kimebadilika, na mashine za ultrasaundi zimeongezeka, kwa hiyo yanaonekana. Lakini kwamba hadubini ni mambo ya Wazungu, hapo simkubalii mzee wangu. Burkitt huyohuyo mwaka 1958 alieleza uvimbe wa mataya kwa watoto wa Uganda, na mwishoni mwa 1963 chupa yenye kipande cha uvimbe wa aina hiyo ilipandishwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu uliizuia ndege, ikatua Manchester, chupa ikachelewa. Ndani yake ndimo Anthony Epstein na wenzake walimopata kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, wakakitangaza 1964, na leo dunia nzima inakijua. Mtoto wa hapa ndiye aliyetoa nyama hiyo. Mambo haya ni yetu kama yalivyo yao.

Umeuliza wanatafuta nini. Nikupitishe mezani.

Chupa ikifika inapewa namba, na namba hiyo haitengani na jina la mama yako mpaka mwisho. Daktari wa patholojia hutoa mfuko, huupima urefu, ambao kwa kawaida ni sentimita 7 hadi 10, huufungua wote na kutazama upande wa ndani. Ukiwa mzima unafanana na mahameli ya kijani. Hupima unene wa ukuta. Ukizidi milimita 3 tunasema umenenepa. Halafu hukata vipande vyembamba: kimoja pale mfereji ulipokatwa na mpasuaji, kimoja katikati, kimoja kwenye kitako cha mfuko, na vingine popote anapopashuku. Vipande hivyo hukaushwa maji kwa spiriti usiku kucha, vikalowekwa nta iliyoyeyushwa, na asubuhi kila kimoja kimo ndani ya bonge la nta gumu.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu. Bonge hufungwa kwenye mashine ya kukatia iitwayo mikrotomu. Unazungusha mpini, na kisu kinamenya utando wa mikroni 3 au 4. Chukua milimita moja ya rula ya mtoto, igawe mara 1000, chukua 4 kati yake. Tando hizo hutoka zimeshikana kama utepe, unazishika kwa brashi ndogo na kuzilaza juu ya maji ya vuguvugu, zikajinyoosha kama utando wa maziwa. Ukipiga chafya umepoteza kazi ya asubuhi. Unatumbukiza kioo, unainua, utando unakuja nao. Kisha rangi: hematoksilini, inayotoka kwenye moyo wa mti wa huko Mexico, hupaka viini vya seli zambarau, eosini hupaka sehemu nyingine waridi. (Mawe hayapiti kwenye kisu hicho, yangekivunja makali. Hata hivyo yapelekeni, daktari atayaandika. Meusi madogo tuliyaona sana kwa watoto wa selimundu, kwa sababu damu yao inavunjika haraka. Ya manjano au kahawia yenye manjano huwa ni ya kolesteroli.)

Chini ya hadubini mfuko mzima una safu moja ya seli ndefu zilizosimama bega kwa bega, kila moja kiini chake kimekaa chini, kama watu wa swala moja. Chini yake kuna nyama laini, kisha msuli, kisha tishu ya nje. Mawe yakiusugua mfuko miaka mitatu kama ya mama yako, mambo hubadilika. Msuli unanenepa, kovu linajaa, seli za kinga zinazagaa, na ile safu ya juu inajichimbia mashimo mpaka ndani ya msuli. Mashimo hayo yana majina ya Rokitansky na Aschoff, na yamewatoa jasho madaktari wengi, kwa sababu mtu asiyezoea anaweza kuyaona akadhani saratani inachimba. Jibu la namna hii litaandikwa kolesistaitisi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa mfuko wa nyongo, usio wa saratani. Ndilo jibu nililolipeleka kwa taipu mara nyingi kuliko lolote, hata kwenye mifuko iliyonenepa kuliko wa mama yenu. Mkiliona, kazi imekwisha.

Mkikuta neno metaplasia, maana yake seli zimevaa sura ya seli za mahali pengine, mfano za tumbo au utumbo, kwa kuchoshwa na mawe. Si saratani. Displasia ni seli zilizoanza kupoteza mpangilio. Zile za daraja la chini, zikiwa zimetoka zote pamoja na mfuko, kwa kawaida hazidai kitu tena, na za daraja la juu humfanya daktari akate vipande zaidi na kuuangalia kwa makini ule mfereji, kama seli zimefika kwenye mkato.

Na saratani? Katika sehemu nyingi za dunia, saratani isiyotarajiwa hupatikana kwenye chini ya mfuko 1 kati ya 100 iliyotolewa kwa sababu ya mawe. Hapa ndipo nitamjibu kaka yako, maana hofu yake ndiyo inayonigusa zaidi. Anawaza kwamba jibu la saratani ni hukumu. Kwenye mfuko wa nyongo, saratani inayoonekana kwa macho, mgonjwa akiwa na macho ya manjano na amekonda, huwa imechelewa. Lakini ile inayogunduliwa kwa hadubini, imejificha kwenye mfuko uliotolewa kwa ajili ya mawe, mara nyingi ni changa. Ikiwa imekaa kwenye utando wa juu tu, haijagusa msuli, na pale kwenye mkato hapana kitu, kwa kawaida upasuaji alioshafanyiwa ndio tiba yenyewe. Angekuwa amepona tayari, bila ninyi kujua.

Ikiwa imeingia kwenye msuli au kuupita, mpasuaji hutaka kurudi kutoa kipande cha ini kilichopakana na mfuko pamoja na tezi za jirani. Waswahili husema nyongo mkalia ini, na ndivyo ilivyo hasa: upande mmoja wa mfuko umelala juu ya ini bila gamba lolote la kutenganisha, kwa hiyo kilichovuka ukuta upande huo kinajikuta kwenye ini. Upasuaji huo wa pili una wakati wake, nao unahesabiwa kwa wiki. Tisa ni siku chache. Tisini zingekuwa habari nyingine. Kaka yako amwambie mama lolote atakaloona linafaa, lakini asichague kutojua kwa niaba yake wakati kujua bado kunaweza kumsaidia.

Na hapo nafika kwenye swali lako la mwisho, ambalo wewe umeliweka mwisho na mimi ningeliweka mwanzo. Mwenye haki ni mama. Baba mdogo ametoa pesa, kaka ana hofu, wewe una chupa. Nyongo ni ya mama. Ana miaka 54, akili zake timamu, anatembea mpaka kwa jirani, na watu wazima wanne wanajadili kipande cha mwili wake nyuma ya mlango. Ingia kwake leo, baada ya swala ya magharibi, nyumba ikitulia. Mwambie kilichotolewa hakikutupwa, kipo, na daktari ameomba kitazamwe. Mwonyeshe fomu. Mwambie daktari ana swali, si kwamba ameona ugonjwa. Nimewaona akina mama wengi dirishani pale maabara, na waliokuwa wakitetemeka zaidi ni wale waliohisi wanafichwa.

Kuhusu kuzika, baba mdogo yuko sawa, kiungo kilichotengana na Muislamu kinastahili kusitiriwa, na kupimwa hakuzuii hilo. Maabara haimalizi nyama yote. Hutumia vipande vichache, na iliyobaki hutunzwa kwa muda baada ya jibu kutoka, kisha huteketezwa. Kwa hiyo semeni mapema. Andikeni kwenye fomu kwa kalamu, na mumwambie mpokeaji kwa mdomo: familia inaomba kurudishiwa nyama itakayobaki. Waulizeni ni siku gani mwisho wa kuifuata. Kitakachobaki kwao ni yale mabonge ya nta na vioo, na hivyo msividai. Daktari mwingine akihitaji kusoma upya mwakani, hatakuwa na kingine cha kusoma. Mkirudishiwa nyama, naweni mikono na msiifunue mbele ya watoto. Bado ina fomalini.

Mwambie pia baba mdogo kwamba huhitaji kusafiri kwa sababu ya chupa tu kama kuna mtu wa familia anayekwenda wiki hii. Ila iwe mtu wa kuaminika, si kondakta. Kwanza pitia hospitali mliyopasuliwa na uwaulize kama wana utaratibu wao wa kutuma. Hospitali nyingine wanao na ndugu hawaambiwi. Hapohapo waombe waongeze fomalini ikiwa imepungua. Kifuniko kizungushiwe plasta. Jina la mama, umri, tarehe ya upasuaji na maneno "mfuko wa nyongo" viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Chupa iingie kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, ikazungushiwe matambara, isimame wima. Fomu isilale pamoja nayo. Ikilowa fomalini wino unakimbia, na yale maneno ya daktari kuhusu ukuta ndiyo yatakayomwambia mwenzake wa Kampala akate vipande zaidi.

Basi la usiku likivuka Karuma hutikisika sana. Ndoo ikae sakafuni katikati ya miguu yako, dirisha liwe wazi kidogo. Asubuhi fika dirishani, taja namba ya simu ambayo itapokewa, usiondoke bila karatasi yenye namba ya maabara. Jibu likitoka chukua nakala mbili. Moja mpe mama aiweke na kadi yake ya hospitali. Ya pili usimtume mtu. Mpelekee mwenyewe daktari aliyempasua, umkabidhi mkononi, na usubiri aisome mbele yako.

Shangazi